Bisibisi ya Muganyizi

Kashai, Jumapili alasiri

Kemilembe mwanangu,

Umeondoka saa sita kwenda Kashozi kumuaga bibi yako, na namjua yule mama, hatakuachia upesi. Kwanza atakupikia, halafu atakulaumu kwa kukonda, halafu atakupikia tena. Kwa hiyo nina saa tatu, labda nne, za kukaa hapa mezani na kalamu. Uvumilie mwandiko. Mikono hii imezoea spana.

Mambo ya kula, kulala, kutunza nauli na kutoongea na kila mtu ndani ya meli ya Mwanza sitayaandika. Bibi yako ameshakuambia, shangazi yako ameshakuambia, na mwenye nyumba wetu, ambaye hakuna aliyemuuliza, naye amekuambia. Mimi nina jambo moja tu, nalo linatokana na swali lako la Jumatano.

Jumatano ulisimama mlangoni pa karakana ukifuta mikono, ukamwambia baba yako, "Tata, sanduku limejaa. Imebaki nafasi ya kifaa kimoja. Nipe drili. Hiyo bisibisi ya kugonga ni ya wazee." Nikakuambia nitafikiri. Ukacheka: "Unafikiri nini tena, waitu? Drili haishindwi na kitu." Nikakufokea urudi kwenye kabureta yako. Ulikwenda umenuna, na nadhani mpaka leo unafikiri nilikuonea choyo. Haikuwa choyo. Nilishindwa kukujibu kwa sababu katika kujibu ningelazimika kukueleza jinsi mama yako alivyokufa.

Nianze na upande wa ufundi, maana huko naweza kusema bila kubabaika.

Watu huzichanganya drili na bisibisi ya kugonga kwa kuwa zote mbili hutafutwa skrubu inapogoma. Lakini kazi zao ni mbali kabisa. Drili inakata. Inatoboa mahali ambapo hapakuwa na tundu, na ukiielekeza kwenye skrubu iliyokwama inaitafuna kichwa na shingo mpaka iishe. Bisibisi ya kugonga haikati kitu. Unaishika kwa mkono wa kushoto, unakaza ncha kwenye mfuo wa skrubu, unapiga nyundo kitakoni, na lile pigo lenyewe linaizungusha. Skrubu inashtuka, kutu inaachia, na kila kitu kinabaki kizima. Umeniona nikifanya hivyo mara elfu. Pigo moja zito, si ishirini ya woga. Kabla ya hapo mafuta, na baada ya mafuta kusubiri, ambako ndiko wewe hukupendi.

Drili ina siku yake. Kichwa cha skrubu kikishakwisha kabisa, hakuna pa kushika, hapo chukua drili, weka alama katikati kwa pini, anza na ncha nyembamba. Ila ukumbuke kwamba skrubu ni chuma na mwili wa injini ni aluminiamu. Chuma ni kigumu, aluminiamu ni laini, na ncha ya drili ni mvivu, inapenda palipo laini. Ukiwa na haraka inakuhama bila kukuaga. Haya niliyajua vizuri miaka kumi na moja iliyopita. Sitaki ufikiri kwamba nilikosea kwa kutojua.

Wewe unamkumbuka Muganyizi kidogo, nadhani. Alikuwa akikubeba mabegani mwaloni, pale boti zinapotia nanga, na kukuita mama mkwe. Tulikutana vitani. Wote wawili tulikuwa mgambo kutoka Muleba, yeye mtu wa Kimwani, mimi wa upande wa ziwani, tukakaa wiki nyingi karibu na Kyaka tukingoja kuvuka mto. Mvua, matope, na hofu ambayo kila mtu aliificha kwa mizaha. Siku moja tukafanya omukago, undugu wa damu, kama babu zetu. Yeye alijichanja kidogo karibu na kitovu, nami hivyo hivyo, tukapaka damu kwenye punje za kahawa, kila mmoja akameza ya mwenzake. Padri hakuulizwa. Baada ya hapo mtu huyo ni zaidi ya ndugu wa tumbo moja. Humnyimi chakula, hukatai cha mkononi mwake, humkimbii.

Ile drili niliipata huko huko vitani. Nimekuambia siku zote kwamba niliinunua Mwanza. Sikuinunua. Niliikuta ng'ambo ya mpaka, kwenye karakana iliyoachwa wazi, aproni ya mwenyewe bado imetundikwa mlangoni. Nikaifunga kwenye blanketi. Muganyizi alinitazama, akasema tu, "Na umeme utautoa wapi, Deo?" Tulicheka. Mtu yule aliyekimbia bila aproni yake nimemfikiria zaidi uzeeni kuliko nilivyomfikiria siku ile.

Tuliporudi wewe ukazaliwa, tukakuita Kemilembe kwa ajili ya amani, na mimi na Muganyizi tukafungua karakana ya injini za boti pale mwaloni. Tulikuwa na jenereta ndogo ya kuchajia betri, kwa hiyo drili ikapata umeme wake. Yeye aliidharau. Alikuwa na bisibisi yake ya kugonga, aliyoachiwa na fundi aliyemfundisha, ameizungushia kamba ya mpira wa baiskeli ili isiteleze mkononi. Injini zikitoka visiwani zimeoza kwa maji, yeye ndiye aliyefungua. Mimi nilikuwa fundi wa kelele, yeye fundi wa kusubiri. Wateja walijua hivyo, nami nilijua, na wala haikuniuma.

Halafu akaanza kukonda.

Wewe umekulia katika miaka ambayo vijana wanaitaja UKIMWI kwa jina na manesi wanafundisha shuleni. Wakati ule wazee bado waliuita Juliana, na wengi hawakuuita kabisa, waliinua kidole kimoja tu. Kila Jumamosi mazishi, wakati mwingine mawili kijiji kimoja, mpaka watu wakaanza kugawana: baba aende kwa fulani, mama aende kwa fulani. Na hofu ilikuwa kwenye kila kitu. Kikombe, kiti, taulo. Magodoro yalichomwa. Nilimwona mtu akifukua bakuli alilokuwa akilia chakula kaka yake ili alivunje kisha alizike tena. Usitucheke. Hakuna aliyekuwa ametuambia lolote la kueleweka.

Muganyizi alifanya kazi mpaka mikono yake ikatoka vidonda. Alivifunga vitambaa, akaendelea. Damu na usaha vilipenya mpaka kwenye ule mpira wa bisibisi, nami niliona, nikawa nasogea mbali kidogo kidogo. Nilihamishia benchi langu upande wa dirisha, nikasema nataka mwanga.

Mara ya mwisho nilimkuta kwake Kimwani, ameketi kwenye mkeka juani. Alinisogezea kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, ile akamwani ambayo kila mgeni hupewa, akachota punje tatu nne kwenye kiganja na kunyoosha mkono.

"Tafuna, Deo."

"Jino linaniuma," nikasema.

"Jino gani?"

"La huku nyuma."

"Fungua mdomo nilione."

Sikufungua. Alitabasamu, si kwa ubaya, akazitafuna mwenyewe, polepole, huku akiniuliza habari za mwaloni. Nilikaa robo saa nikaaga. Kemi, mtu yule alikuwa ameimeza damu yangu pale Kyaka bila kukunja uso, nami nikamkatalia punje ya kahawa. Alikufa baada ya wiki mbili.

Matanga yalipoanuliwa, mjane wake alinijia na bisibisi. Muganyizi alikuwa amesema nipewe mimi. Niliipokea kwa gazeti. Nikaifunga kwenye tambara, nikaitundika kwenye msumari ukutani mwa karakana, na sikuigusa. Niliapa moyoni kwamba sitaigusa. Nilikuwa na mke, nilikuwa na mtoto, na mke wangu alikuwa mjamzito. Nilijiambia nawalinda.

Sasa nafika penyewe. Nimeinuka mara mbili kunywa maji.

Wewe ulikuwa na miaka minane, unasoma Kashozi, unakaa kwa bibi yako. Mama yako, kama unavyokumbuka, alikuwa mchuuzi. Alipeleka mikungu ya ndizi kisiwani, akarudi na samaki wakavu. Nilimwambia apumzike, mimba ina miezi saba. Alinijibu kwamba mimba si ugonjwa, na kwamba nikitaka kupumzisha mtu nijipumzishe mwenyewe. Unajua alivyokuwa na mdomo. Akaenda siku ya Jumatatu.

Jumatano, saa mbili asubuhi, akaja mvuvi mmoja Mkerewe, jina lake Majura. Alikuwa amepiga kasia tangu usiku wa manane. Hata hakukaa. Alisema, "Fundi, mkeo anatoka damu. Mkunga anasema kondo la nyuma limetangulia mbele ya mtoto, yeye hana la kufanya, inatakiwa hospitali. Boti zote za mashine zimekwenda mbali kutega. Njoo na injini."

Mwaloni pale siku ile ilikuwepo injini moja tu, nayo ilikuwa juu ya benchi langu. Ilikuwa ya tajiri mmoja wa samaki, nzuri kabisa, kasoro raba ya pampu ya maji ilikuwa imekwisha. Raba mpya ilikuwa mezani. Kazi ya nusu saa. Ni kufungua kifuniko cha pampu, skrubu nne, kubadilisha raba, kufunga. Skrubu tatu zilitoka. Ya nne ikagoma.

Nilitia mafuta. Nilijaribu bisibisi ya kawaida mpaka kiganja kikachubuka. Majura alikuwa ameketi kwenye kasha, anakula kiporo nilichompa, ananitazama. Akanyoosha kidole ukutani, pale kwenye tambara. Kishikio kilikuwa kimechungulia nje.

"Ile pale si ndiyo ya kazi hii?"

"Imeharibika," nikamwambia.

Haikuwa imeharibika. Ilikuwa hatua tatu kutoka kwangu. Nilitazama ule mpira mweusi wa baiskeli, nikakumbuka vile vitambaa vya mikononi, na kiganja changu kilikuwa kimechubuka, kinatoka damu, nikaona kifo kinaning'inia pale kinanisubiri. Watu husema haraka haraka haina baraka. Siku ile haraka ilikuwepo, kweli, lakini sikuharibu kwa haraka. Niliharibu kwa woga. Niliwasha jenereta nikachukua drili.

Wewe ni fundi, unajua kilichofuata. Ncha ilizunguka juu ya kichwa cha skrubu, ikakihama, ikazama kwenye aluminiamu na kutokea upande wa pili. Nilisikia kabla ya kuona.

Niliziba tundu kwa sabuni na kitambaa, nikafunga, tukaibeba injini mpaka kwenye boti. Ikawaka. Ikaenda kiasi cha kutoka pale bandarini hadi kwenye yale mawe unayopenda kukaa, ikaanza kutoa mvuke, ikakwama. Ikawa ni makasia. Majura, ambaye alikuwa amepiga kasia usiku kucha, alipiga tena mchana kutwa, na hakuniuliza swali hata moja. Kwa mashine ningefika kisiwani kabla ya saa sita. Tulifika saa kumi na moja jioni.

Mama yako alikuwa amekufa tangu saa tisa, na mtoto tumboni. Mkunga aliniambia kwamba fahamu hazikumpotea mpaka karibu na mwisho. Kila baada ya muda aliwaambia wanawake wanyamaze, akasikiliza, akauliza, "Huo si mlio wa mashine?" Wakimwambia ni upepo, anasema, "Atakuja nayo. Mume wangu ni fundi."

Labda angefia njiani hata kama ningefika mapema. Labda angefia hospitali. Nimekaa na hizo labda kwa miaka kumi na moja na hazijanisaidia kitu.

Hilo ni kosa langu la kwanza. La pili ni baya zaidi, maana la kwanza nililifanya kwa asubuhi moja na la pili nimelifanya kila siku tangu pale.

Tulipomleta kumzika kwetu, kwenye kibanja, shamba la nyumbani, wanawake wawili tu walikubali kumuosha, nao walivaa mifuko ya nailoni mikononi. Muganyizi alikuwa amekufa, sasa ni mke wa mwenzake wa karakana. Kila mtu alikuwa amekwisha piga hesabu yake. Mimba haikukaa, walisema, ugonjwa ule ndivyo unavyoanza. Hakuna aliyeniuliza. Siku hizo watu hawakuuliza, walikupa pole huku wakitazama pembeni. Nilisimama chini ya migomba nikaona ile mifuko ya nailoni, na ningeweza kusema, "Vueni hiyo, huyu ametokwa na damu ya uzazi." Sentensi moja. Lakini baada ya hiyo wangeuliza, kwa nini hakufikishwa hospitali? Na injini je? Kwa hiyo nikanyamaza. Niliwaacha wamzike mama yako na Juliana ili mimi nibaki fundi mzuri.

Wewe ukaja kukaa nami baada ya muhula ule. Wiki ya kwanza ulitoka shuleni, ukaketi pale kwenye kigoda, nilikuwa nimepika ndizi kwa samaki wa furu. Ukamtaja mama yako: "Tata, wanasema mawe amekufa kwa Juliana." Ulikuwa unanitazama machoni. Nilisema, "Kula, chakula kinapoa."

Ukala. Hujawahi kuuliza tena.

Miaka michache baadaye tukahamia huku Kashai, kwenye nyumba ya kupanga, mahali ambapo hatujulikani. Nilikuambia ni kwa sababu ya biashara. Siku moja nesi alitufundisha parokiani, akasema virusi hivyo havikai kwenye kishikio kikavu cha chombo, wala kwenye kikombe, wala kwenye kiganja kinachokupa kahawa. Nilitoka nje nikakaa nyuma ya kanisa. Usiku uleule nikaishusha bisibisi ya Muganyizi, ambayo nilihama nayo bila kuifungua, nikavua tambara. Ndiyo hiyo niliyokufundishia. Kila ulipopiga pigo zuri nikafurahi, na kila ulipopiga pigo zuri nikaumia, na wewe ukadhani nina hasira na kazi yako. Sikuwa na hasira, mwanangu. Una mkono wa Muganyizi. Hilo nilipaswa kukuambia siku nyingi.

Mwaka juzi nilipima. Sina. Cheti kiko kwenye Biblia, ukitaka kukiona. Sikukuambia kwa sababu nilijua utaniuliza, "Sasa mawe aliupata wapi?"

Na pengine ningenyamaza hata leo kama si bibi yako. Alhamisi, baada ya swali lako, nilipanda baiskeli nikaenda Kashozi. Nilimkuta anamenya ndizi. Nikamwambia yote, kama nilivyokuandikia hapa, na hakuacha kumenya. Nilipomaliza alimenya nyingine mbili kwanza. Halafu akasema, "Baba Kemi, miaka kumi na moja namwombea mwanangu msamaha wa dhambi ambayo hakuitenda. Kila asubuhi, kwa magoti haya."

Akaniuliza kama najua kwa nini ulimkataa yule mwalimu aliyekuja kukuposa. Nikasema, kwa kuwa unataka kazi kwanza. Nimejisifu hivyo mtaa mzima, hata muuza mkaa anajua kwamba binti yangu anataka kazi kwanza. Bibi yako akanitazama kama anavyotazama kuku aliyeingia jikoni. "Aliniambia, 'Bibi, nyumba yetu ina ugonjwa ule. Siwezi kumpelekea mtu.'"

Mwanangu, nisamehe. Sikujua kwamba ulikuwa unalibeba hilo. Nilidhani ukinyamaza umesahau, na hili ni wazo la kijinga kwa mtu ambaye mwenyewe alinyamaza bila kusahau hata siku moja. Mficha maradhi kifo humuumbua, walisema wazee. Mimi nilificha kitu ambacho hata maradhi hayakuwa, kikaja kukuumbua wewe.

Bibi yako hatakuambia leo. Ameniachia mimi. Alichosema ni kwamba nikikuacha upande meli bila kujua, nisikanyage tena kwake.

Sikuandikii ili uniambie si kitu. Ni kitu. Wala sikuandikii ili nikufundishe kwamba maisha ni kama skrubu, maana si kama skrubu, na ukisikia fundi anaongea hivyo ujue hana kazi ya kufanya. Nilichojifunza ni kidogo na kilinigharimu sana. Mkono unaposita mbele ya kifaa kinachofaa, usiende moja kwa moja kwenye kingine. Jiulize kwanza unaogopa nini. Siku nyingine utakuta unaogopa jambo la kweli, na ni vizuri kuogopa. Lakini jiulize. Mimi ningejiuliza, hata kwa dakika moja, ningekumbuka kwamba tambara lililokuwa limeifunga ile bisibisi lingetosha kufunga kiganja changu.

Na upweke nikuambie pia, maana unakwenda mji usio na mtu wako na utaujua. Kuna upweke wa kukosa watu, huo si mkubwa, unazoeleka. Tangu juzi, unapokwenda kuaga watu, najaribu kupika ndizi za mtu mmoja, nakosea, nazimaliza asubuhi. Huo nitauweza. Kuna mwingine wa kukaa na watu wanaokupenda huku kuna neno katikati yenu ambalo wewe peke yako unalijua. Tumekula meza moja, mimi na wewe, jioni zote hizo, nikiwa peke yangu kabisa. Hata Muganyizi, ambaye ningemweleza, ndiye niliyemkatalia kahawa. Usijijengee nyumba ya namna hiyo.

Kuhusu kifaa basi. Zote mbili nimezisafisha, ziko juu ya benchi. Ushauri wangu wa kifundi ni kwamba uchukue bisibisi, kwa sababu karakana yoyote ya Mwanza yenye umeme utaikuta na drili, lakini bisibisi nzuri ya kugonga mafundi hawaazimani. Ukiitaka drili, ichukue, sitakasirika. Ila ujue ilikotoka, na wala usiseme tuliinunua.

Barua hii nitaiweka juu ya sanduku lako, si ndani. Nilikuwa nimeshaiandaa bahasha ya kukushindilia kwenye mfuko wa koti, uisomee majini, ambako hungeweza kugeuka na kuniuliza kitu. Nimeichana. Isome leo ukirudi. Mimi nitakuwa karakana, mlango uko wazi. Kama una la kunifokea, njoo unifokee, nimelingoja muda mrefu kuliko unavyodhani. Na kama huna la kusema, kesho mwite mtu wa mkokoteni akubebee sanduku mpaka bandarini, nami nitaelewa, nitabaki hapa. Lakini ukitaka nilibebe mimi, niite tu. Bado nina mgongo.

Yule mwalimu, kama bado unamfikiria, mwandikie. Kama humfikirii, usimwandikie kwa ajili yangu. Ila usimkatae mtu tena kwa sababu ya mama yako.

Huko watakuuliza kwenu wapi, wazazi wako ni akina nani, mama yako alikufa na nini. Watu wa mabweni huuliza kila kitu. Usiinamishe kichwa. Waambie mama yako aliitwa Adelina, alikuwa mzima kama jiwe, alikufa kwa damu ya uzazi akiwa na mimba ya miezi saba, akimsubiri mume wake aliyeogopa kugusa bisibisi ya marehemu. Wakiuliza mume huyo ni nani, nitaje kwa jina.

Tata yako,
Deogratias